Maswali ya Wasomaji: Intaneti ya Nyumbani kwenye Nyaya za Simu za Laini Mbili

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu nyumba ambazo tayari zina nyaya za simu za laini zaidi ya moja, na wenye nyumba wanataka kuzitumia nyaya hizo hizo kupata intaneti. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu majibu ya barua zinazofuata yanaitegemea.

Ndugu Mhariri, nyumba tuliyohamia ilitandazwa nyaya za simu zamani, na kila chumba kina soketi. Waliotutangulia walikuwa na namba mbili, moja ya familia na nyingine ya kazi. Tulipoomba huduma ya DSL, yaani intaneti inayopita kwenye nyaya za simu, kampuni ya simu ilitujulisha kwamba imeiweka kwenye laini ya pili. Nimeichomeka modemu katika kila soketi, na kote taa ya laini inapepesa tu bila kutulia, ilhali simu ya mezani ikichomekwa papo hapo inafanya kazi vizuri. Je, nyaya ni mbovu, na inanibidi nitandaze upya nyumba nzima?

Usitandaze chochote kwa sasa. Maelezo yako mwenyewe, hasa hilo la simu kufanya kazi mahali pale pale modemu inapokwama, yanaonyesha kwamba modemu inasikiliza laini isiyo yake.

Itazame kwa karibu plagi ndogo ya plastiki iliyo mwishoni mwa waya wa modemu. Plagi hiyo ina nafasi sita za pini. Pini mbili za katikati, yaani ya tatu na ya nne, hubeba laini ya kwanza. Pini ya pili na ya tano, zilizo upande huu na upande huu wa zile za katikati, hubeba laini ya pili. Na mbili za pembeni kabisa kwa kawaida huwa tupu, au hubeba laini ya tatu pale inapokuwapo. Modemu za kawaida za DSL husoma pini za katikati peke yake, na waya unaofungashwa pamoja nazo mara nyingi una nyuzi mbili tu za shaba. Ielekeze plagi kwenye mwanga, kisha uhesabu vipande vya chuma vya rangi ya dhahabu vilivyo kwenye ncha yake: vikiwa viwili, waya huo hauwezi kukifikishia kifaa chochote laini ya pili, hata kama soketi ni nzima kabisa.

Njia ya haraka ya kuthibitisha jambo hili ni kununua kigawanyaji cha laini mbili, ambacho ni kipande kidogo cha plastiki chenye plagi upande mmoja na matundu mawili au matatu upande wa pili, yaliyoandikwa L1, L2 na, likiwapo la tatu, L1+L2. Modemu ichomekwe kwenye L2. Hakikisha plagi ya kigawanyaji chenyewe ina vipande vinne vya chuma, kwa sababu vipo vinavyofanana nacho ambavyo huigawa laini moja tu mara mbili, na hivyo havitakufaa kitu. Taa ikitulia, umepata jibu lako, na unaweza hata kuridhika hapo.

Mimi, hata hivyo, nisingeridhika hapo. Kila kiunganishi kinachoongezwa ni mahali pengine pa kulegea na kushika kutu, na kosa la msingi, yaani intaneti kutawanywa katika vyumba visivyoihitaji, litakuwa bado lipo. Lililo bora ni kuchagua chumba kimoja cha kuweka modemu, kufungua soketi ya chumba hicho, na kuzihamishia nyuzi za laini ya pili kwenye skrubu za katikati, huku zile za laini ya kwanza zikikunjwa pembeni na ncha zake kufunikwa kwa utepe wa umeme. Soketi hiyo sasa ni ya modemu tu, na waya wowote wa kawaida utafanya kazi ndani yake.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, nenda kwenye kisanduku ambamo kebo ya kampuni ya simu inaingilia nyumbani na uitenganishe nyumba na laini ya nje. Visanduku vingi vina plagi au soketi ya majaribio iliyowekwa kwa kazi hiyo hasa. Laini ya simu iliyotulia ina umeme wa moja kwa moja wa takriban volti 48, ambao mara nyingi mtu hausikii kwenye ngozi kavu, lakini simu inapolia hupita umeme wa kubadilikabadilika unaoweza kufikia volti 90, na huo unashtua. Vilevile kazi hii isifanywe wakati wa radi, kwa kuwa nyaya za shaba zinazotoka nje huweza kuuleta ndani mshtuko wa radi iliyopiga mbali.

Rangi za nyuzi zikuongoze, lakini zisikuamulie. Katika kebo za zamani zilizofuata utaratibu wa Marekani, zenye nyuzi nne, laini ya kwanza ni nyekundu na kijani, na ya pili ni njano na nyeusi. Katika kebo mpya zaidi, ambazo nyuzi zake zimesokotwa mbili mbili, jozi ya kwanza ni buluu na nyeupe yenye mistari ya buluu, ya pili ni rangi ya chungwa na nyeupe yenye mistari ya chungwa, ikifuatiwa na kijani, kisha kahawia. Nyumba iliyopitiwa na mafundi wengi kwa miaka mingi huwa na mchanganyiko wa taratibu hizo, na si ajabu kukuta jozi ya njano na nyeusi imeungwa kwenye ya chungwa ndani ya ukuta. Kwa hiyo pima, kabla ya kuitenganisha nyumba na laini ya nje. Kwa multimita, yaani kipima umeme, laini yoyote ya simu iliyo hai itaonyesha volti zinazokaribia 48, na mtu akiinua mkono wa simu kwenye laini hiyo volti zitashuka sana, kwa kawaida chini ya 12. Ukiwa na simu ya mkononi unaweza pia kuipigia kila namba na kusikiliza ni jozi gani inayolia. Multimita haiwezi kuiona intaneti yenyewe. Laini inayobeba DSL bila huduma ya simu inaweza kuonekana kama imekufa ilhali modemu ikichomekwa inashika mara moja.

Jambo moja lisikupotezee muda na jingine lisikupite. Ukibadilisha nafasi za nyuzi mbili za jozi moja, ya kushoto ikawa kulia, modemu haitajali. Lakini ukichukua uzi mmoja wa laini ya kwanza na mmoja wa laini ya pili ukadhani umeunda jozi, utapata tatizo linalowasumbua hata mafundi, kwa sababu modemu inaweza kuunganika kwa kasi duni, kukatika, kisha kuunganika tena, na kila mtu akaulaumu umbali wa nyumba kutoka kituo cha kampuni ya simu.

Sasa ipime nyumba yako. Ipeleke modemu hadi kwenye kisanduku cha kuingilia, uichomeke moja kwa moja kwenye laini ya pili huku nyaya zote za nyumba zikiwa zimetenganishwa, na uiache angalau robo saa. Kisha fungua ukurasa wa modemu unaoonyesha hali ya laini na uandike tarakimu tatu: kasi ya kupokea, upotevu wa nguvu za mawimbi kwa desibeli, na nafasi ya ziada kati ya mawimbi na kelele, nayo kwa desibeli. Kampuni nyingi hupanga hiyo nafasi ya ziada iwe karibu na desibeli 6. Ikishuka sana chini ya hapo, laini huanza kukatika. Irudishe modemu chumbani na uzisome tarakimu zile zile. Zikilingana, nyaya zako ni nzuri na huna la kutengeneza. Zikiwa zimeporomoka, kosa limo ndani ya kuta zako, na sababu ninayoishuku kwanza ni matawi mafu.

Tawi mfu ni kipande cha waya kinachoishia kwenye soketi isiyotumika. Kwa simu hakina madhara. Kwa intaneti, mawimbi huingia katika tawi hilo, hugonga mwisho wake na kurudi kwenye njia kuu yakiwa yamechelewa, na kwenye masafa fulani hurudi yakiwa kinyume kabisa na yale yanayoendelea kuja, hivyo yakafutana. Mawimbi husafiri ndani ya kebo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukikokotoa, tawi la mita 20 hufuta mawimbi yaliyo karibu na megahezi 2.5, kisha 7.5, kisha 12.5, na kuendelea hivyo. Hapa ndipo unapoelewa kwa nini nyumba iliyopata intaneti bila taabu kwa miaka mingi inaanza kusumbua siku kampuni inapoipandisha daraja. Kiwango cha ADSL, aina ya DSL ya mwanzo, kilichopitishwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 1999 kilitumia masafa yasiyozidi megahezi 1.1, ADSL2+ ya mwaka 2003 ilifika 2.2, lakini VDSL2 ya mwaka 2006 hutumia hadi megahezi 17, na katika baadhi ya mipangilio 30. Tawi ambalo ADSL haikulihisi hata kidogo sasa limesimama katikati ya barabara.

Dawa yake ni rahisi kuliko maelezo. Ndani ya kisanduku cha kuingilia, ichomoe jozi ya laini ya pili katika kebo zote zinazokwenda vyumbani isipokuwa ile moja inayokwenda kwenye chumba cha modemu. Laini ya kwanza iachie vyumba vyote kama ilivyokuwa. Ikiwa nyaya hazikutawanyika kutoka kisandukuni bali zinaruka kutoka soketi hadi soketi, basi modemu iwekwe kwenye soketi ya kwanza ya mnyororo, na jozi ya pili ikatwe hapo isiendelee mbele. Kama chumba unachokitaka kiko mwisho wa mnyororo, ningetandaza kebo moja mpya kutoka kisandukuni, yenye jozi zilizosokotwa, na nyumba nyingine yote ningeiacha ilivyo.

Mpendwa Mhariri, sisi tuna namba mbili na zote zinatumika. Intaneti iko kwenye namba ya kwanza, ambayo pia ina simu tatu, mashine ya faksi na king'ora cha usalama. Namba ya pili ina simu moja, na ipo simu nyingine ya ofisini inayopokea namba zote mbili. Nimeambiwa niweke vichujio kila mahali. Je, ni kweli, na king'ora nacho kinahitaji?

Si kila mahali. Kichujio huwekwa kwenye kila kifaa cha sauti kilicho kwenye laini inayobeba intaneti, na hapo tu. Sauti ya mtu kwenye simu hutumia masafa yaliyo chini ya kilohezi 4, na ADSL huanza kwenye kilohezi 26 hivi. Kichujio huyaruhusu yale ya chini yaifikie simu na kuyazuia ya juu. Simu isiyo na kichujio utaijua kwa mchakacho sikioni, na pia kwa intaneti kukatika kila mkono wake unapoinuliwa au inapolia. Kwa hiyo simu tatu na faksi za namba ya kwanza zote zinahitaji vichujio, na ile simu moja ya namba ya pili haihitaji chochote.

Simu ya ofisini inataka uangalifu. Kichujio cha kawaida hushughulikia pini za katikati tu. Simu ya laini mbili ikipitishwa humo, laini ya pili huenda ikakatwa kabisa. Vipo vichujio vya laini mbili, na hicho ndicho cha kuomba dukani kwa jina hilo. Modemu yenyewe isipitishwe kwenye kichujio hata kimoja, isipokuwa kile chenye matundu mawili ambacho tundu lake moja limeandikwa DSL.

King'ora ni jambo zito zaidi, nami sipendi kuliona likirukwa. Mitambo mingi ya usalama inayopiga simu yenyewe huungwa mwanzoni kabisa mwa laini, kabla ya soketi zote, ili wakati wa hatari iweze kuikata nyumba nzima na kuichukua laini hata kama mwizi ameinua mkono wa simu sebuleni. Katika mpangilio huo, intaneti inayochukuliwa kwenye soketi iliyo baada ya king'ora itakatika kila king'ora kinapopiga simu, na king'ora chenyewe kinaweza kushindwa kufikisha ujumbe kwa sababu ya kelele za DSL. Kichujio kidogo cha soketini hakitatui hilo. Kinachotakiwa ni kichujio kikuu kimoja, kinachofungwa kwenye kisanduku cha kuingilia kabla ya king'ora. Kutoka hapo upande wa sauti unakwenda kwenye king'ora kisha kwenye simu zote, na upande wa intaneti unakwenda kwa modemu kwa kebo yake yenyewe. Baada ya kazi hiyo iarifu kampuni inayokisimamia king'ora, kisha ukijaribu kwa kukipigisha kweli. Usidhani kinafanya kazi kwa sababu taa yake inawaka.

Kichujio kikuu ndicho ninachokupendekezea hata kwa hayo mengine, kwani kinaondoa haja ya vile vidogo. Vichujio vidogo vinne au vitano kwenye laini moja tayari ni vingi, kwa kuwa kila kimoja huongeza mzigo wake kidogo, na sauti ya simu huanza kufifia.

Swali litakalofuata ni kama upande wa intaneti unaweza kupitishwa kwenye jozi iliyobaki ndani ya kebo ile ile ya zamani. Kwako jozi zote mbili zina kazi, kwa hiyo lazima iwepo ya tatu. Zaidi ya hapo, angalia kama nyuzi zimesokotwa. Katika kebo kongwe ya nyuzi nne zinazolala sambamba bila kusokotwa, umeme wa simu inayolia kwenye jozi moja huvuja na kuingia jozi ya jirani, na modemu itauona kama pigo la kelele kila unapopokea simu.

Kwa Mhariri. Nina laini mbili za simu zilizo hai. Je, nikiziunga pamoja nitapata kasi maradufu?

Ukiziunga kwa mkono, la. Utakuwa umeziunganisha laini mbili ambazo kila moja ina umeme wake na namba yake kituoni, na zote mbili zinaweza kuacha kufanya kazi. Upo, hata hivyo, utaratibu halali wa kuunganisha jozi mbili za DSL ziwe njia moja, ambao ITU imeuwekea viwango vyake, na kasi inayopatikana hukaribia jumla ya kasi za jozi hizo. Unahitaji mambo mawili: kampuni ya simu iwe inautoa katika mtambo ambao jozi zako zote mbili zinaishia, na modemu iwe ya aina maalumu inayosoma jozi mbili. Modemu hiyo, tofauti na za kawaida, huzitumia pini nne za plagi, kwa hiyo hapa waya wa nyuzi nne ni wa lazima, na soketi irudishwe kwenye mpangilio wake wa asili wa laini mbili. Ni njia inayowafaa hasa walio mbali na mtambo, kwa sababu VDSL2 hupoteza ubora wake wote umbali ukizidi kilomita moja au zaidi kidogo, ilhali ADSL inaweza kufika hata kilomita tano kwa kasi ndogo.

Mheshimiwa Mhariri, kampuni yetu imeihamisha simu ya nyumbani, na sasa inatoka kwenye tundu la nyuma ya modemu. Soketi za vyumbani zote zimenyamaza. Mama yangu ni mtu mzima na simu yake iko chumbani kwake, ghorofani, mbali na modemu. Je, naweza kuzifufua soketi hizo?

Unaweza, na nyaya zako za laini mbili ndizo zitakazokusaidia. Modemu ya namna hii hutoa laini ya simu yenyewe, yenye umeme wake wa kuliza simu, na laini hiyo inaweza kupitishwa kinyumenyume: waya kutoka tundu la simu la modemu uchomekwe kwenye soketi ya ukutani, na kutoka hapo sauti isambae hadi vyumba vingine.

Sharti lake halina mjadala. Jozi utakayoitumia kusambaza sauti lazima iwe imekatwa kabisa na laini ya nje katika kisanduku cha kuingilia, na ikatwe kwa namna ambayo fundi mwingine hatairudisha bila kujua. Mimi huandika kikaratasi na kukibandika humo ndani. Jozi hiyo ikibaki imeungwa, umeme wa kituoni utakutana na umeme wa modemu na unaweza kuliharibu tundu lake la simu. Katika nyumba yenye jozi mbili, jozi ya kwanza huiacha ilete intaneti kutoka nje hadi modemu, na ya pili, iliyokatwa na nje, hurudisha sauti vyumbani. Kumbuka kwamba jozi hiyo ni ya pini ya pili na ya tano. Katika soketi ya chumba cha mama, nyuzi zake zihamishiwe kwenye skrubu za katikati, la sivyo simu yake haitasikia kitu. Vichujio vyote viondolewe kwenye jozi hiyo, kwani hakuna tena DSL ndani yake.

Modemu haina nguvu ya kuliza simu nyingi za kengele za kizamani kwa wakati mmoja. Simu mbili au tatu kwa kawaida hazileti taabu. Kwa kuwa unamtaja mama yako, naongeza jambo ambalo hukuliuliza: simu ya aina hii hufa umeme wa nyumba unapokatika, tofauti na ile ya zamani iliyolishwa umeme kutoka kituoni. Iwekee modemu betri ya akiba, na simu ya mkononi yenye chaji iwe karibu na kitanda chake.

Ndugu Mhariri, hatutumii tena simu ya mezani, na intaneti yetu sasa inaingia kwa njia nyingine. Wi-Fi haifiki vyumba vya nyuma. Nyaya za simu zimo katika kila ukuta. Je, zinaweza kubeba itheneti, yaani mtandao wa kompyuta wa waya?

Inategemea ukifungua soketi utakuta nini. Ukikuta kebo yenye jozi nne zilizosokotwa, mara nyingi ikiwa na maandishi ya Cat 5 au Cat 5e kwenye ganda lake, una bahati kubwa, kwa sababu wajenzi wengi walitumia kebo hiyo kwa simu na kuziacha jozi mbili au tatu zikilala bure. Itheneti ya megabiti 100 kwa sekunde huhitaji jozi mbili, na ya gigabiti moja huhitaji zote nne. Kebo isizidi mita 100. Badilisha soketi za ncha zote mbili ziwe za itheneti, na utakuwa na njia bora kuliko kirudia-mawimbi chochote cha Wi-Fi.

Lakini itheneti haikubali matawi. Kila kebo lazima itoke nukta moja hadi nyingine bila kugawanyika njiani. Nyaya zinazotawanyika kutoka kisanduku kimoja zinafaa mara moja: weka swichi, kifaa cha kugawa mtandao, kwenye kisanduku. Zinazoruka kutoka chumba hadi chumba zitahitaji swichi ndogo katika kila kituo cha njiani. Na kabla ya yote, zitenganishe kabisa na laini ya nje, hata kama namba ilifungwa zamani, kwa sababu umeme wa simu ukirudi siku moja unaweza kuunguza tundu la kompyuta.

Ukikuta nyuzi nne tu zisizosokotwa, iache itheneti ya kawaida. Vipo vifaa vya kiwango cha G.hn vinavyotuma data juu ya jozi moja ya simu, na hivyo huvumilia matawi na kebo kongwe. Vifaa hivyo visitumiwe kwenye jozi inayobeba VDSL, kwa kuwa masafa yake yanaingiliana, na ni vyema kuviepuka hata kwenye jozi ya jirani ndani ya kebo isiyosokotwa. Kwako, ambaye huna DSL tena, kikwazo hicho hakipo.

Mhariri, intaneti yetu hukatikakatika mvua inaponyesha, na kukikauka hutulia. Kampuni inasema kosa liko ndani ya nyumba. Nitajuaje?

Maji yanaingia kwenye kiungo fulani cha shaba. Suala ni kiungo hicho kiko upande upi. Siku ya mvua, wakati tatizo lipo na si baada yake, tenganisha nyumba kwenye kisanduku cha kuingilia na uichomeke modemu hapo moja kwa moja, kama nilivyomweleza msomaji wa kwanza. Kama laini ina huduma ya simu, chomeka pia simu ya kawaida, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa kuanzia ukome, na usikilize ukimya unaofuata. Laini nzima huwa kimya kabisa, na iliyolowa huchakacha na kuvuma. Tatizo likiendelea hapo kisandukuni, liko nje, na ni la kampuni. Likitoweka, liko kwako, na pa kuanza kutafuta ni soketi za kuta za nje, waya unaopita chini ya paa, na kisanduku chenyewe, ambamo utaona ukoga wa kijani kwenye skrubu au nyuzi zilizopauka. Zikate ncha hizo hadi kwenye shaba inayong'aa na uziunge upya kwa viunganishi vyenye mafuta mazito ndani, vile vinavyobanwa kwa koleo. Kuzisokota kwa vidole na kuzifunga kwa utepe hakudumu.

Kama laini zako ni mbili, yafanye majaribio hayo kwa kila jozi, kwa kuwa mara nyingi kutu hushika uzi mmoja kati ya nne. Ukimpigia simu fundi wa kampuni mwambie jozi gani, saa ngapi, na tarakimu za modemu ulizoandika ukiwa kisandukuni, wakati wa ukavu na wa mvua. Akiwa nazo mkononi hatakuwa na sababu ya kuanza kazi sebuleni kwako.